Sura ya Tisa: Boti Nyepesi

Inspekta aliogopa maji tangu ana miaka saba, siku dada yake alipomsukuma mtoni kwa utani na ule utani nusura uzae msiba. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi alishakimbizwa na watu wenye mapanga, alishalala chumba kimoja na mshukiwa wa mauaji kwa kukosa pengine, na hayo yote aliyasimulia huku akicheka. La maji hakumsimulia mtu. Ndiyo maana saa tatu asubuhi, aliposimama gatini akiitazama boti ya futi ishirini ikichezacheza kwenye kamba yake, alijifanya anasoma daftari ilhali hakuona hata mstari mmoja.

Konstebo wake alikuwa baba wa watoto watano, mrefu kupita milango mingi, na kituo kizima kilimwita Twiga. Alimsogelea akiwa na saa ya kuhesabia muda mkononi.

"Afande, si tumtume mtu mwingine?"

"Mtu mwingine ataniletea maneno. Mimi nataka dakika."

Dakika ndizo zilizokuwa kesi nzima. Siku nane zilizopita, mvuvi mwenye boti yake alikutwa amekufa penye Mwamba, maili kumi kutoka gatini, amepigwa kichwani na kitu kizito. Boti yake ilikuwa hapohapo, mashine imeinuliwa kutoka majini, wavu umezongwa kwenye propela. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili alikuwa bado hai, kwa kuwa ndipo alipomaliza kuongea na mama yake kwenye simu. "Mama," alimwambia, "leo nimejua kwa nini boti yangu haikimbii. Nikifika nchi kavu kuna mtu atanieleza." Alipopigiwa tena robo saa baadaye, simu iliita mpaka ikakata.

Polisi walimkamata mdogo wake. Ndiye aliyekuwa akiitumia boti ile wiki iliyotangulia, walikuwa wakigombana kila siku, na asubuhi ile alikuwa majini peke yake bila shahidi. Faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka leo hii saa kumi jioni. Wengine wote walikuwa na watu wa kuwasemea. Tajiri, mnunuzi mkubwa wa samaki aliyewahi kumtishia marehemu mbele ya watu, alionekana mnadani saa moja na dakika mbili. Fundi wa mashine alimfungulia mlango mama muuza barafu saa moja kamili, taarifa ya habari ndiyo inaanza redioni. Na kila mvuvi aliyeulizwa alijibu vilevile: kutoka Mwamba hadi gatini, kwa mashine ya nguvu za farasi arobaini, ni dakika thelathini na tano, na ukiwa unakimbiza mgonjwa, thelathini na nne. Hapa kulikuwa na ishirini na nane tu, au thelathini kwa Tajiri, na ndani yake mtu alitakiwa pia aue.

Kwa hiyo palibaki mtu mmoja tu, naye alikuwa mahabusu. Hesabu iliyonyooka namna hiyo ilimkosesha Inspekta usingizi. Alikuwa na jicho lake kwa Tajiri, na alitaka kujua kama boti ya Tajiri ingeweza kuongezwa mwendo.

Mama wa marehemu alikuwa ameketi juu ya kreti la samaki lililogeuzwa, kama alivyoketi kila asubuhi tangu mazishi. Alimshika Inspekta mkono.

"Mwanangu, mmoja nimeshamzika. Huyu wa pili mkinifungia maisha, mtakuwa mmenizika na mimi. Mimi sijui sheria. Najua tumbo langu halikuzaa muuaji."

"Nimekusikia, Mama."

"Kusikia si kazi. Kazi nenda kaifanye."

Jana yake Inspekta alikuwa amekaa saa nzima na yule mdogo mtu mahabusu. Alimkuta amekonda, macho mekundu, lakini alipoulizwa habari za mwendo wa boti alichangamka kidogo, kama mgonjwa aliyeulizwa habari za kwao.

"Afande, watu wanadhani mashine ikipiga kelele ndiyo inakimbia. Debe tupu haliachi kuvuma. Propela ya kubebea mzigo ina mapanga yaliyolala. Inazunguka haraka, mashine inalia mpaka unaziba masikio, na boti haiendi. Ile ya mwendo mapanga yake yamesimama, kila mzunguko inakula maji mengi. Mashine inasikika imetulia. Halafu boti inyanyue pua. Ukiona maji yanaruka mbele kabisa, karibu na pua, ujue boti inalima shamba. Yakiruka nyuma ya katikati, hapo inakimbia."

"Boti ya kaka yako ilikuwaje?"

"Ilikuwa inalima. Na mwaka huu alinunua propela mpya ya mwendo, ya chuma kisichoshika kutu, akajinyima sana. Akaipiga alama yake, mistari mitatu ya tupa kwenye kitako, maana kaka alikuwa hana kitu kisicho na alama, hata kikombe cha chai. Akampa fundi aifunge. Boti haikuongeza chochote. Fundi akasema tunapakia kupita kiasi. Kaka akanilaumu mimi. Ndiyo magomvi yenyewe hayo mliyoandika kwenye faili."

Inspekta aliyaandika hayo, kisha akafungua ukurasa mwingine. Akili yake ilikuwa kwa Tajiri.

Fundi wa mashine aliitwa Plagi na wakubwa kwa wadogo. Alikuwa mtu mfupi, msafi ajabu kwa kazi yake, kucha nyeupe, na alikuwa na kicheko cha karibu. Karakana yake ilikuwa hapohapo gatini, milango miwili ya mabati, spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa wake. Boti yake na boti ya Tajiri zilitoka kwa mtengenezaji mmoja, na mashine zao zilikuwa sawa. Alipoombwa boti yake kwa jaribio la mwendo hakusita hata kidogo.

"Afande, marehemu alikuwa mtu wangu miaka kumi na tano. Jeneza lake nilishika mbele. Nikikataa hili nitakuwa binadamu wa namna gani? Ila nakwambia mapema, ishirini na nane haifiki. Utarudi na mafua na thelathini na nne zako."

"Nifanyie kila unaloweza. Nataka mwendo wa mwisho kabisa."

"Basi tuanze na uzito. Kila kilo ina bei yake."

Akaanza kupakua. Ikatoka nanga na mnyororo wake. Yakatoka makasia mawili, dumu la mafuta ya akiba, sanduku la barafu, mbao za kukanyagia. Alifuta maji yote yaliyokuwa chini kwa sifongo, akiikamua nje mara ishirini, akieleza kuwa ndoo moja ya maji humo ndani ni sawa na kubeba mtoto wa darasa la tatu. Tumbo la boti alikuwa amelikwangua jana, halikuwa na gamba hata moja. Akamtazama Twiga kutoka utosini mpaka miguuni.

"Wewe baki. Wewe ni abiria wawili."

"Mimi nina saa," Twiga alisema kwa kuumia kidogo.

"Itazame ukiwa hapa, ndugu yangu, mbavu ziote jua. Na haya maboya ya kuvaa, afande, yamelowa mpaka ndani. Kila moja kilo nne. Ukitaka tutayabeba, ila usije ukasema fundi hakukwambia."

Wavuvi kama kumi walikuwa wamekusanyika kutazama. Inspekta angesema neno moja tu, kwamba hajui kuogelea, wangempa boya na pole juu. Lakini alimwona Tajiri amesimama nyuma ya watu akitabasamu, na aibu ikashinda woga.

"Yaache," alisema.

Akavua viatu. Akamkabidhi Twiga bastola, simu, redio ya upepo, na kifungu cha funguo ambacho fundi alikipima kwa jicho na kucheka. Daftari alibaki nalo. Pingu zilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, amezizoea kiasi kwamba hakuzikumbuka.

Kitu kimoja tu kilibaki ndani ya boti ambacho si mashine, si tangi wala si mtu. Chini ya kiti cha nyuma palikuwa na gunia dogo limefungwa kamba.

"Na hilo?"

"Vifaa, afande. Fundi hatoki bila vifaa." Akalisukuma ndani zaidi kwa kisigino.

Saa nne kasorobo Twiga alibonyeza saa, na boti ikaondoka.

Mashine ililia. Haikunguruma, ililia, sauti nyembamba ya juu iliyoingia kwenye meno. Inspekta alikaa kiti cha katikati, mikono miwili imeng'ang'ania ubao, akiyaona maji yakipita kiganja kimoja tu chini ya mkono wake, meusi, bila mwisho. Kila boti ilipodunda, moyo wake ulidunda mara mbili. Alijilazimisha kuangalia saa yake ya mkononi. Dakika tano. Kumi. Gati likawa mstari, kisha likawa kitu ambacho ungeweza kubisha kama kipo.

"Huu ndio mwisho wake!" Fundi alipaza sauti. "Umesikia mwenyewe!"

Alisikia. Na kwa kuwa hofu humfanya mtu akumbuke mambo ya ajabu, alikumbuka maneno ya yule mahabusu. Akainama kidogo, akachungulia ubavuni. Maji yalikuwa yakiruka mbele kabisa, karibu na pua. Boti ilikuwa inalima shamba.

Mwanzoni alidhani ni bahati mbaya. Kisha akamtazama fundi, aliyekaa nyuma ameshika mkono wa mashine, uso wake umetulia. Huyu ndiye aliyekamua sifongo mara ishirini. Mtu wa namna hiyo hawezi kufunga propela ya mzigo kwenye jaribio la mwendo kwa kusahau. Amefunga makusudi. Anataka boti isifike.

Anamlinda Tajiri, Inspekta aliwaza. Halafu, taratibu, likaja wazo la pili, nalo lilimshusha ubaridi kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo zilizokuwa wazi. Dakika hizo hazikumwokoa Tajiri peke yake. Zilimwokoa na huyu.

Walifika kwenye boya la Mwamba baada ya dakika thelathini na nne. Fundi akazima mashine, na kimya kikaanguka. Hapakuwa na boti nyingine popote.

"Tuiache ipoe kidogo," fundi alisema. "Umeona mwenyewe, afande. Thelathini na nne."

"Nimeona."

Aliandika namba ile daftarini, na mwandiko ulitoka kama wa mtoto. Alipoinua macho, fundi alikuwa amelivuta lile gunia, ameliegemeza kwenye ukingo wa boti.

"Nini hicho?"

"Propela mbovu. Imepinda. Inakula uzito bure, acha niitupe."

"Si ulisema vifaa?"

"Propela si kifaa?" Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Mdomo wa gunia ulikuwa umelegea. Chuma kilichokuwa ndani kiling'aa kama kipya, na hakikuwa kimepinda mahali. Penye kitako kulikuwa na mistari mitatu ya tupa.

Inspekta aliielewa asubuhi ile yote kwa mkupuo mmoja. Marehemu wavu umemnasa, ameinua mashine autoe, ameikuta propela haina alama yake. Fundi alimfungia kuukuu iliyong'arishwa, akabaki na mpya. Leo Twiga alikuwa anaachwa gatini, hatua chache kutoka karakanani, ambako angeweza kuingia na kuiona. Ndiyo sababu gunia limesafiri, lije litupwe mahali ambapo kamba haifiki chini. Na yeye, Inspekta, alikuwa maili kumi kutoka kwa bastola yake, bila boya, bila simu wala redio, bila kasia, peku. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu siku ile ya mtoni.

"Unajua kuogelea, afande?"

Fundi aliuliza kwa upole kabisa.

"Najua."

"Mbona umeushika ubao hivyo?"

Inspekta akaona bora amchokoze kuliko amsihi. "Nimeudhika, fundi. Yule mahabusu aliniambia nitapoteza muda. Alisema hapa hakuna fundi wa kuitoa mashine ya arobaini mwendo wa maana. Alisema kaka yake alikuwa anataka kupeleka mashine kwa mwingine, kwa sababu wewe ni fundi wa kubadilisha plagi tu. Ndiyo maana wakakupa jina hilo."

Shavu moja la fundi likawa linacheza.

"Amesema yeye?"

"Nimeandika. Nikifika nitaandika na mimi kwamba nimethibitisha."

"Miaka kumi na tano nawapeleka majini na kuwarudisha," fundi alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Hakuna mashine ya gati lile ambayo sijaifungua kwa mikono hii. Fundi wa plagi." Akalitazama gunia, akayatazama maji yanayowazunguka, kisha akamtazama yeye kwa muda mrefu. "Sawa. Mtu aone, angalau mara moja."

Namna alivyosema *mara moja* ilimfanya Inspekta ajue kwamba hakukusudiwa kurudi kusimulia.

Fundi aliinamisha mashine mbele mpaka propela ikatoka majini. Akalala kifudifudi juu ya ubao wa nyuma, akachomoa pini kwa koleo, akafungua nati kubwa kwa spana, vyote alivyovitoa kwenye lile gunia. "Shika. Ikianguka tutakaa hapa mpaka Kiama." Inspekta aliipokea ikiwa imejaa grisi, akaifumbata. Propela ndogo ya mzigo ikavutwa, ikawekwa kwenye kiti. Kubwa ikapanda mahali pake, ikakaa bila kusuguliwa, kama mguu unaojua kiatu chake.

Alipogeuka kudai nati, Inspekta aliisukuma ile propela ndogo kwa goti. Ikagonga ukingo, ikatumbukia.

"Samahani, imeteleza."

Sasa ya kurudia nyumbani ilikuwa moja tu, ile yenye mistari mitatu. Fundi akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua nati, Inspekta akaiweka kiganjani mwake, na yeye akaikaza huku amemgeuzia mgongo, akarudisha pini, akahamisha na ile fimbo ya chuma inayoshikilia mashine kutoka tundu la kwanza mpaka la tatu ili pua inyanyuke. Hata wakati ule alifanya kila kitu kwa mpangilio. Kisha akaifuta spana kwa kitambaa, lakini hakuiweka chini.

Inspekta alikuwa ameshahamia kiti cha nyuma. Pingu zililia mara mbili, kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, halafu kwenye mkono wa kushoto wa fundi.

Fundi alivuta kwa nguvu, boti ikayumba, maji yakaingia. Inspekta akapiga kelele. Hakujizuia na hakuona haya.

"Una wazimu? Ufunguo uko wapi?"

"Kwa Twiga. Kwenye kile kifungu ulichokicheka." Alikuwa akihema kama aliyekimbia. "Sijui kuogelea, fundi. Nilikudanganya. Nikiingia majini nitazama kama nanga, na nanga yenyewe ndiyo umefungwa nayo."

Spana ilikuwa bado mkononi mwa fundi. Inspekta aliiona ikipanda kidogo, akamwona anapiga hesabu: kumpiga, kisha nini? Mwili wa polisi mkononi, na gati zima limemwona akiondoka naye. Mkono ule ulibaki hewani kwa muda ambao Inspekta hakuthubutu kupumua. Kisha ukashuka, na spana ikalala sakafuni.

"Nenda polepole ukitaka," Inspekta alimwambia. "Dakika sizihitaji tena. Propela inatosha."

Fundi akavuta kamba ya kuwashia mara moja tu, mashine ikaitika.

"Sogea nyuma zaidi," alisema. "Uzito urudi huku. Kama tunakwenda, twende."

Akafungulia moto wote.

Safari hii mashine haikulia. Ilitoa sauti nzito, iliyotulia. Pua ikanyanyuka, ikashuka kidogo, ikapata mahali pake, na boti ikaanza kupaa juu ya maji, ikigusa na kuachia. Maji yaliruka nyuma yao kabisa. Upepo ulimtoa Inspekta machozi. Mkono mmoja wa mtu huyu ulikuwa kwenye usukani na mwingine umefungwa na wake, na kugeuza ghafla mara moja kungewamaliza wote wawili. Kila wimbi lililokuja alilihesabu kuwa ndilo. Alimwomba Mungu kwa majina yote aliyoyajua. Alifikiria wanawe, na akajilaumu kwa boya la kilo nne aliloliacha kwa ajili ya macho ya watu.

Fundi hakumtazama. Alikuwa amekodoa macho mbele, akisahihisha kwa ncha ya kiwiko tu, akisikiliza mashine. Usoni mwake hapakuwa na chuki wala huzuni. Lilimtisha Inspekta kuliko spana alipogundua kwamba mtu huyu alikuwa na furaha.

"Nilikuwa napita na boti ya majaribio!" alipaza sauti bila kuulizwa. "Akanipungia mkono! Angetangaza gati zima! Fundi mwizi! Nani angeniletea tena mashine?"

Inspekta alizidi kuung'ang'ania ubao.

Gati likatokea, likakua, likawa na watu. Fundi alipunguza moto mahali hasa panapotakiwa, na boti ikateleza mpaka kwenye nguzo bila hata kuigonga.

"Ishirini na nne!" Twiga aliruka akiwa ameinua saa, kwa kuwa alikuwa amepanda paa la mnada na darubini, akawaona wakianza. "Ishirini na nne na sekunde kumi! Afande, inawezekana!"

Wavuvi wakapiga kelele za kushangilia. "Plagi! Plagi! Mwendo gani huo!" Yule mtu mfupi akatabasamu, hakuweza kujizuia, na akainua mkono kuwaitikia. Mkono wa Inspekta ukainuka pamoja nao. Ndipo wakaona, na kelele zikakatika moja baada ya nyingine.

Twiga aliteremka na funguo bila kuuliza. Inspekta alitaka kusimama miguu ikamkatalia, akatambaa mpaka kwenye mbao za gati na kuketi hapo, amelowa, anatetemeka mbele ya watu wote na Tajiri miongoni mwao. Hakujali. "Iinueni mashine," alisema. "Tazameni kitako cha propela. Halafu, Twiga, mpigie simu mkuu, mwambie lile faili lisiondoke. Mtu wa mahabusu anatoka leo."

Mmoja wa wavuvi aliinama akatazama. Alipopapasa ile mistari mitatu kwa kidole gumba, alivua kofia yake.

Mama wa marehemu alikuwa ameshuka kwenye kreti lake. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya fundi, ambaye sasa pingu zilikuwa kwenye mikono yake yote miwili, na akamtazama kama anayetafuta kitu alichokipoteza usoni mwake. Inspekta alijiandaa kumzuia, akidhani atampiga.

"Mwanangu alikwambia nini?" mama aliuliza. "Mwisho. Alisema nini?"

Fundi alitazama mbao.

"Alisema nimrudishie tu, Mama. Yaishe. Akasema hatamwambia mtu."

Mama alitikisa kichwa mara mbili, polepole.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema. Kisha akamgeukia Inspekta pale chini alipoketi, akamnyooshea mkono ainuke. "Haya, nipeleke kwa huyu aliyebaki."